Sanduku Namba 217

Siku ukungu unapoondoka mapema, ziwa huonekana kutoka mistari ya juu ya shamba la Mwalimu Kipngeno huko Sigowet. Huonekana kama kipande cha bati jipya kilicholazwa chini kabisa, ng'ambo ya tambarare za Kano. Kwa miaka arobaini mkewe, Edinah, alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye chai, akikitazama kipande hicho kwa muda wa pumzi mbili, kisha akirudi kuchuma. Hakuwahi kuyagusa maji yale. Hakuwahi pia kulalamika, na Mwalimu aliuchukulia ukimya huo kuwa ni kuridhika.

Binti yao, Chepkosgei, hakudanganyika. Alipokamilisha mwaka wake wa tatu wa uuguzi ughaibuni, aliwanunulia nafasi katika meli ya watalii: siku tano majini kwa MV Nzohe, kutoka Kisumu hadi Entebbe, Bukoba na Mwanza, kisha kurudi. "Ni kwa ajili ya miaka arobaini ya ndoa yenu," aliandika kwenye simu. "Mama akae upande wa dirisha." Edinah aliusoma ujumbe huo mara tatu, akaenda jikoni, akaanza kupuliza moto ambao tayari ulikuwa ukiwaka vizuri. Mwalimu alimwona kupitia mlangoni. Hapo ndipo alipotambua kwamba safari hii haikuwa na ruhusa ya kuharibika, na akaamua kuisimamia mwenyewe.

Mwalimu Kipngeno alikuwa mtu wa bweni. Ni miaka sita tangu alipostaafu kazi ya naibu wa mkuu wa shule, lakini bweni lenyewe lilimwingia zamani zaidi, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, siku alipopanda lori kwenda shule na sanduku la bati jeusi. Juu ya kifuniko fundi alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe KIPNGENO J., na chini ya jina, kwa tarakimu kubwa zaidi, namba yake ya shule: 217. Sanduku hilo lilimfunza kwamba kitu cha thamani hukaa ndani, kufuli hukaa nje, na ufunguo hukaa shingoni. Tangu siku hiyo hakuwahi kupoteza kitu, wala hakuwahi kuacha kuwakumbusha watu kwamba hajawahi kupoteza kitu.

Sanduku hilohilo ndilo aliloteua kwa safari. Juma moja kabla ya kuondoka alilipeleka kwenye kituo cha kununulia chai, akalining'iniza kwenye ndoana ya mizani ili ajue kama limezidi uzito ulioruhusiwa. Karani wa kituo, Chepyegon, aliutazama mshale kwa makini.

"Kilo kumi na tisa, Mwalimu. Nikate kilo moja ya maji, kama tunavyokata kwenye majani mabichi?"

"Usikate. Hili halijanyeshewa."

"Hata chai yako husema hivyo," alijibu Chepyegon, na wachumaji waliokuwa kwenye mstari wakacheka mpaka vikapu vikatikisika.

Nyumbani kulikuwa na mjadala mfupi. Edinah alikuwa amekwenda kwenye duka la kompyuta sokoni, akachapishiwa vile vikaratasi vya mizigo alivyovituma Chepkosgei, kila kimoja kimeandikwa jina na chumba: 109.

"Mtoto amesema vifungwe kwa kila mzigo," alisema.

"Sanduku lina jina."

"Lina jina, Baba Chepkosgei. Halina chumba."

"Jina hilo limeandikwa kwa rangi ya mafuta, na limekaa zaidi ya miaka hamsini. Karatasi itaongeza nini?"

Edinah aliviweka vikaratasi kwenye mkoba wake. "Na pasipoti? Amesema tuzishike mkononi."

"Mkononi ndiko vitu hupotelea. Pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano zitakaa sandukuni."

Edinah alitikisa kichwa kukubali, kwa namna ambayo, baada ya miaka arobaini, Mwalimu alikuwa bado hajajifunza kuisoma.

Asubuhi ya safari waliondoka kulipopambazuka, katika pikapu yao ya kijivu, Mwalimu akiwa amevaa blaza ya kijani ya chama cha wanafunzi wa zamani na tai yake. Waliteremka kupitia Sondu, baridi ikibaki nyuma yao kidogo kidogo. Walipofika kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, Edinah alikuwa amevua sweta mbili na kubakiwa na moja. Hakusema mengi. Alikuwa akiangalia mbele, akingoja kile kipande cha bati kiwe kikubwa.

Walifika bandarini Kisumu saa tatu kasoro robo. Tangazo la kampuni lilieleza wazi: ukaguzi wa abiria kuanzia saa nne, lango kufungwa saa sita kamili. MV Nzohe ilikuwa imetia nanga kando ya gati, nyeupe, orofa tatu, na mbele ya hema la ukaguzi palikuwa na mstari mweupe uliochorwa chini. Juu ya mstari huo hapakuwa na mtu.

Mwalimu alifurahi. Alikuwa wa kwanza.

Sasa, huko kwao, mchumaji anayewahi kituoni hasimami juani akilisubiri lori. Huweka kikapu chake mahali pake kwenye mstari, akaenda kuketi kivulini, na hakuna mwenye adabu anayeruka kikapu cha mwenzake. Kikapu ni mtu. Kinasimama, kinasogezwa, na hata kugombaniwa kinagombaniwa kama mtu. Mwalimu alilishusha sanduku, akaliweka juu ya mstari mweupe, akalinyoosha likae sambamba na ukingo wa barabara.

"Nenda ukanywe chai, Mama Chepkosgei. Mimi naegesha gari."

Wakati huo gari dogo la bluu lilisimama nyuma yao, akashuka Omwenga, mwuza nguo wa soko la Kericho, pamoja na mkewe Nyabate. Wazazi wa Omwenga walihamia kutoka Kisii kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na yeye alizaliwa Kericho, kwa hiyo alimtania kila Mkipsigis kama shemeji.

"Mwalimu, hata wewe?" alisema. "Na hii sanduku, umetoka nayo kidato cha kwanza ama?"

"Nimetoka nalo. Na halijawahi kupotea."

"Basi mimi niko nyuma yako." Omwenga akaweka begi lake nyuma ya sanduku. Nyuma ya begi lake wengine waliofika kutoka Merigi na Kabianga wakaweka yao bila kuulizana, na baada ya dakika chache palikuwa na mstari safi wa mizigo kumi na mmoja, wenyewe wote wakiwa kivulini na vikombe mikononi.

Maegesho yalikuwa nyuma ya maghala. Mlinzi alimwonyesha Mwalimu nafasi ya kwanza kabisa, karibu na mlango.

"Weka hapa, mzee. Zote ni wazi."

Mwalimu alitoa stakabadhi mfukoni. "Hapa nimeandikiwa nafasi ya arobaini na nane."

"Arobaini na nane iko kule mwisho, kwa ukuta."

"Basi tutakwenda kwa ukuta."

"Na kuna mapipa."

"Mapipa yana stakabadhi?"

Mlinzi alikubali kwamba hayana. Wakayaviringisha wote wawili, mapipa saba, moja likiwa na maji ya mvua ambayo yaliamua kumwagikia viatu vya Mwalimu. Alipomaliza kuliweka gari katikati ya mistari miwili ya nafasi ya arobaini na nane, akashuka kupima kwa hatua, akarudi kulisogeza kidogo kushoto, saa nne ilikuwa imepita. Alirudi kwa miguu na soksi zikichuruzika, lakini moyo wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetenda haki peke yake.

Mbele ya hema palikuwa na mstari mrefu wa watu. Mizigo haikuwapo.

Edinah alikuwa katikati ya mstari huo, mkoba kwapani. Nyuma yake Omwenga alikuwa akicheka kimyakimya, mabega yakipanda na kushuka.

"Sanduku liko wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Limekwenda kazini," alisema Omwenga. "Limetuacha sisi."

"Wapagazi walikuja na toroli," alieleza Edinah. "Tulikuwa kwa chai. Wakaona mizigo imepangwa, wakabeba yote."

"Bila kuuliza?"

Mpagazi mmoja, mwanamume mrefu mwenye kizibao cha manjano kilichoandikwa Owino, alisikia akageuka. "Tumuulize nani, mzee? Mzigo ukikaa kwa hiyo laini nyeupe bila mtu, huo ni wa kupakia. Hiyo ndiyo kazi ya hiyo laini. Utaukuta chumbani."

Mwalimu aligusa ufunguo shingoni, chini ya tai, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza aliuhisi kuwa wa baridi. "Mama Chepkosgei," alisema polepole, "pasipoti ziko ndani."

"Yako iko ndani," alisema Edinah.

"Na yako?"

Edinah alifungua mkoba, akamwonyesha kijitabu cha buluu na kadi ya manjano, vimefungwa pamoja kwa utepe wa mpira. "Nilizitoa juzi, ulipoacha ufunguo bafuni."

"Hukuniambia."

"Ungezirudisha."

Omwenga akamgeukia mkewe, akamwuliza kwa sauti kama alikuwa ameleta zile sandwichi, ili asionekane anasikiliza.

Saa tano kasoro dakika kumi walifika mezani. Karani alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Molly, mwenye sauti ya upole na kucha ndefu zilizogonga kibao cha kompyuta kama mvua ya kwanza. Edinah alipita mara moja, akapewa kadi ya kupandia. Kwa Mwalimu, kucha zilisimama.

"Pasipoti yako iko melini, mzee wangu?"

"Imo katika sanduku langu. Sanduku limo melini."

"Una kitambulisho?"

"Ninacho."

Molly alitazama nyuma, akashusha sauti. "Basi leta hicho. Nitajaza kwamba nimeiona pasipoti, halafu ukifika chumbani utanishushia. Wewe ni mzazi, siwezi kukusumbua."

Edinah alifumba macho, kwa kuwa alijua kinachokuja.

"Huo utaratibu," aliuliza Mwalimu, "ni wa kila abiria, au ni wangu peke yangu?"

"Ni wako tu, mzee."

"Basi utaandika kwamba umeona kitu ambacho hukukiona. Siwezi kukubali, mwanangu. Nimesimama langoni kwa miaka thelathini nikifunga saa kumi na mbili kamili. Nimewarudisha watoto wa maaskofu. Sitaingia kwa mlango ambao sikuwafungulia."

"Wewe ingia tu, Mwalimu," alisihi Omwenga kutoka nyuma. "Hao watoto wa maaskofu walikusamehe."

"Hawakunisamehe," alisema Mwalimu. "Na hawakupaswa." Akageuka kwa mkewe. "Mama Chepkosgei, wewe panda. Ukilipata sanduku, vizuri. Saa sita ikifika kabla, endelea na safari. Nitakusubiri Sigowet."

Edinah alimtazama kwa muda, kuanzia tai hadi viatu vyake vilivyolowa. "Miaka arobaini nimeliangalia hilo ziwa," alisema, "na wewe ukiwa nyuma yangu ukisema mstari wangu haujanyooka. Sasa unataka nilione peke yangu, nani atasema mstari haujanyooka?" Akageuka, akapanda ngazi ya meli kwa mwendo wa mtu anayewahi lori la chai.

Mwalimu aliketi kwenye benchi la kando, lile waliloketishwa wenye kasoro. Aliyatambua makao hayo. Alikuwa amewaketisha wengi katika benchi kama hilo nje ya ofisi yake, na hakuwahi kufikiri jinsi ubao wake ulivyo mgumu, wala jinsi saa ya ukutani inavyoonekana vizuri kutoka pale.

Saa tano na dakika ishirini simu yake ililia.

"Chumba mia moja na tisa kiko sawa," ilisema sauti ya Edinah. "Kuna dirisha. Kuna vitanda viwili na taulo imekunjwa kama bata. Sanduku halipo."

"Umeangalia chini ya kitanda?"

"Chini ya kitanda ni sakafu, Baba Chepkosgei."

"Uliza wapagazi."

"Nimeuliza. Wanasema mizigo yote imeshagawiwa."

Mwalimu aliishusha simu. Umbali wa hatua chache Owino alikuwa akisukuma toroli tupu. Mwalimu alimwita, akamwuliza kwa utaratibu, kama alivyowauliza wavulana walioruka ua: mzigo ukishaingia melini, nani anaamua uende wapi?

"Hakuna wa kuamua, mzee. Tunasoma namba, tunapeleka."

"Namba ipi?"

"Ile iko juu ya mzigo."

"Kama mzigo hauna karatasi?"

Owino alifikiri. "Kulikuwa na sanduku moja ya chuma, haikuwa na karatasi. Lakini namba yake ilikuwa kubwa hivi." Alitanua mikono. "Nikasema, huyu mtu amejipanga."

Mwalimu alihisi masikio yanawaka. Aliinua simu tena. "Mama Chepkosgei. Panda orofa ya juu yake. Gonga mlango wa chumba mia mbili na kumi na saba."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu ambayo haikuwa ya hasira. Alikuwa akijizuia kucheka. "Ile namba ya rangi ya mafuta," alisema.

"Ndiyo hiyo."

"Ambayo karatasi haingeiongezea kitu."

"Mama Chepkosgei, ni saa tano u nusu."

Kilichotokea orofani alikisikia kupitia simu ambayo Edinah hakuikata. Alisikia hatua, mlango ukigongwa, na sauti ya Omwenga: "Karibu, shemeji. Ndiyo tumeingia sasa hivi, nilikuwa nakuja kuwaita. Tulidhani kampuni imetuwekea meza. Nyabate, toa hizo sandwichi juu ya sanduku la Mwalimu." Kisha Edinah akauliza kufuli linafunguliwaje, na Omwenga akajibu kwamba kufuli la aina hiyo hata wezi wa Kericho hulisalimu na kuendelea na safari.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mwalimu, upande huu wa lango. Ingekuwa rahisi kumpa Owino aupandishe. Aliinuka tayari kufanya hivyo, akatazama juu, na hapo ngazi ya meli ikaanza kutikisika. Omwenga alikuwa akiteremka na sanduku kichwani, shingo ngumu kama mchumaji mwenye kikapu kilichojaa, akiwapanga pembeni watalii waliokuwa wakipanda. Edinah alikuwa mbele yake, mkono juu, akisema, "Nafasi, tafadhali, nafasi." Saa ya ukuta wa ghala ilionyesha dakika kumi na mbili kabla ya saa sita.

Omwenga alilitua sanduku mbele ya meza ya Molly. "Hili sanduku lina kilo kumi na tisa?" aliuliza akihema. "Hiyo mizani ya kwenu ndiyo maana wakulima wanalia."

Mwalimu alipiga goti, akafungua. Juu kabisa palikuwa na blanketi lililokunjwa pembe kwa pembe, kikombe cha bati, kijiko, kipande cha sabuni ya kufulia. Chini ya blanketi palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha pasipoti na kadi. Molly alizipokea, kucha zikanyesha, kadi ya kupandia ikachapishwa. Zilikuwa zimebaki dakika nane.

Lakini Mwalimu alikuwa bado amepiga goti. Kando ya bahasha, ndani ya sweta lake mwenyewe, alikuwa ameona kitu ambacho hakukipakia: kibuyu kirefu chenye kifuniko cha ngozi. Alikinusa. Ilikuwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa, yale ambayo nyumbani hayapewi mtu bila sababu.

"Niliweka juzi," alisema Edinah. "Ufunguo ulipokuwa bafuni. Nilitaka tunywe tukifika katikati ya maji."

"Tangazo linasema vyakula na vinywaji vya nyumbani haviruhusiwi melini."

"Nimesoma."

Molly alianza kuandaa uso wa kutoona. Mwalimu aliinua mkono kumzuia, na Omwenga akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Haviruhusiwi melini," alirudia Mwalimu, taratibu, kama anayesoma kifungu kwa mara ya pili na kukikuta kirefu kuliko alivyodhani. "Hapa si melini." Akakitoa kikombe cha bati sandukuni, akakipangusa kwa leso, akamimina kikombe cha kwanza na kumpa mkewe kwa mikono miwili. Kisha akampa Omwenga, aliyebeba mzigo usio wake, na Molly, na Owino, aliyesema kwamba kwao huko Nyalenda maziwa ya rangi ya majivu yangemwagwa, kisha akaomba kuongezewa. Mwalimu alikunywa wa mwisho. Masharubu yake yalibaki na mstari wa kijivu na hakuna aliyemwambia.

Kibuyu kitupu hakikuwa chakula wala kinywaji. Hata hivyo hakingeweza kuingia kikiwa hakijaoshwa. Pembeni mwa gati palikuwa na ngazi ya saruji inayoshuka hadi majini, na kabla mtu hajasema lolote, Edinah alikuwa ameishuka, amechutama kwenye daraja ya mwisho, amekizamisha kibuyu na mkono wake hadi kwenye kiwiko. Alikizungusha, akakimwaga, akakijaza tena. Kisha akauacha mkono humo majini ingawa kibuyu kilikuwa tayari safi.

"Mama, dakika tatu," aliita Molly.

Mwalimu alikuwa ameivua saa mkononi ili aone vizuri zaidi. Aliitazama, akamtazama mkewe, akaitia saa mfukoni. "Zinatosha," alisema.

Zikatosha. Edinah alipanda na mkono unaochuruzika, akaupangusa kwenye sehemu ya karibu zaidi, ambayo ilikuwa mkono wa blaza ya kijani, na mwenye blaza hakupinga. Alikuwa ameshughulika. Alikuwa amemwomba mkewe kile kikaratasi, na sasa alikuwa akikifunga kwenye mshikio wa sanduku kwa fundo la kamba alilofunzwa akiwa skauti, akihakikisha kinazifunika zile tarakimu tatu nyeupe.

"Soma," alimwambia Owino.

"Mia moja na tisa."

"Soma tena."

"Mia moja na tisa, Mwalimu."

"Vizuri," alisema, akamkabidhi mshikio. "Nenda nalo."